To Walk Invisible: iangalie, ila ujue unaenda kuona nyumba yenye mlevi

Mkuu umeuliza kama ile filamu ya BBC ya madada wa Brontë, wale waandishi wa Uingereza wa karne ya 19, inafaa, maana kuna waliokuambia inaboa, haina mapenzi na imejaa huzuni. Nimeiangalia zaidi ya mara moja na inanigusa sana, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu kidogo.

Kwanza usichanganye, maana ziko kadhaa. Kuna ya Wafaransa ya 1979, yumo Isabelle Adjani na Isabelle Huppert, na kuna Emily ya 2022 ambayo imemtungia Emily mapenzi na mchungaji msaidizi, kitu ambacho hakina ushahidi wowote. Hii unayoulizia ni ya 2016, kaiandika na kuiongoza Sally Wainwright, inaenda kama masaa mawili hivi. Inaanzia 1845, Charlotte, Emily, Anne na kaka yao Branwell wote wamerudi kwa baba yao kule Haworth, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ni watu wazima, na mzee ni mchungaji ila macho yanakufa kwa mtoto wa jicho. Ile nyumba ni ya kanisa, akifariki yeye mabinti hawana pa kukaa, ndio maana suala la kuandika kwao lilikua suala la hela kabisa, sio kujifurahisha tu.

Sasa Branwell. Huyu ndo alikua tegemeo la nyumba nzima, mtoto wa kiume pekee, baba kamfundisha mwenyewe nyumbani, anachora, anaandika mashairi. Akapata ukarani reli, 1842 wakamfukuza kwa sababu hesabu zilikua na upungufu, akaenda kufundisha kwa familia moja ya kitajiri, 1845 nako akatimuliwa kwa tuhuma za kutembea na mama mwenye nyumba, na kuanzia hapo ni pombe na afyuni mpaka kaburini.

Wanaosema inaboa nadhani hawajawahi kuishi na mlevi ndani. Mimi nimeishi naye, kaka yetu mkubwa, ndo aliyesomeshwa kuliko wote. Sisi wasichana tulikua tunajua hali yake kwa komeo la geti tu, likifunguka mara moja tunaendelea na mambo yetu, akianza kuhangaika nalo tunazima taa tunajifanya tumelala, na mama hata iweje lazima amfunikie chakula chake. Kwahiyo nikiwaona wale madada wanaongea kwa sauti ya chini jikoni huku sikio liko mlangoni, sihitaji kuelezwa. Na yule mzee (Jonathan Pryce kaigiza vizuri mno) anamkumbatia kijana wake kila anapoanguka, anamlipia madeni ili asifungwe, analala naye chumba kimoja kumlinda. Unaweza kumlaumu kwamba anamdekeza, mimi siwezi, nimeona mzazi akifanya hivyohivyo na najua hana njia nyingine anayoiona.

Humohumo ndani ya hiyo vurugu Charlotte anakuta daftari la mashairi ya Emily, anasoma bila ruhusa, na Emily anawaka kwelikweli, ile sehemu usiipite. Mwishowe wakakubaliana, 1846 wakatoa kitabu cha mashairi kwa hela yao wenyewe, wakajiita Currer, Ellis na Acton Bell ili wasipimwe kama wanawake. Zikauzwa nakala 2. Mbili tu bana, na hawakuacha! Mwaka uleule Charlotte kampeleka mzee Manchester kufanyiwa operesheni ya jicho, na akiwa hukohuko anamuuguza ndo akaanza riwaya yake ya Jane Eyre, ikatoka Oktoba 1847 ikauzwa sana. Charlotte aliandika baadae kwamba kaka yao alikufa bila kujua dada zake wamefanya nini kwenye uandishi. Hilo linaniuma kuliko vifo vyenyewe.

Kasoro zipo. Lafudhi ya Yorkshire ni nzito, washa maandishi chini hata kama kiingereza chako kiko vizuri. Na mwisho unakimbizwa mno, Branwell alikufa Septemba 1848, Emily Desemba mwaka huohuo, Anne Mei 1849, yaani ndani ya miezi minane Charlotte kabaki peke yake na baba, hayo yalistahili muda zaidi.

Ukimaliza tafuta The Tenant of Wildfell Hall, riwaya ya Anne ya 1848. Ni mwanamke anamkimbia mume mlevi akiwa na mtoto wake, na ulevi umeandikwa bila kupambwa kwa sababu Anne alikua anauona nyumbani kila siku. Anne alipofariki Charlotte akazuia isichapishwe tena, akasema ilikua kosa kuchagua hiyo mada. Nampenda sana Charlotte lakini hapo simuungi mkono hata kidogo, katika vitabu vyao vyote hicho ndicho ambacho ningempa mtu anayeishi na mlevi.