Maswali na Majibu: Evenkiysky, wilaya kubwa yenye watu wachache

Barua za safari hii zinahusu Evenkiysky, wilaya ya Siberia ya kati iliyo ndani ya jimbo la Krasnoyarsk, Urusi. Makao makuu yake ni Tura.

Evenkiysky ina watu wangapi? (Msomaji, Dodoma)

Sensa ya 2010 ilihesabu watu 16,253. Ya 2002 ilihesabu 17,697, na ya 1989 ilihesabu 24,769. Nimeziweka zote tatu makusudi. Swali hili halikomi, na karibu kila anayeliuliza ameshaokota namba moja mahali, haina mwaka, anataka tu nimwambie kuwa ni sahihi. Idadi ya watu isiyotajwa mwaka wa sensa haifai kitu. Ukiandika leo namba ya 1989, unawahesabu watu zaidi ya 8,000 ambao 2010 hawakuwepo tena.

Walikwenda wapi? (Msomaji, Nakuru)

Wengi walirudi makwao. Serikali ya Kisovieti ilikuwa ikiwapa nyongeza ya mshahara wajiolojia, marubani, walimu na mafundi waliokubali kufanya kazi kaskazini. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika 1991, fedha zikakauka na watu wakafunga mizigo. Waevenki, wenyeji wa asili wa huko, hawakuwa na kwao kwingine pa kurudi. Wao walibaki wakishuhudia mashamba ya serikali yakisambaratika, na makundi ya kulungu wa Aktiki yakipungua vibaya.

Ni wilaya au ni eneo linalojitawala? Ramani yangu inasema vingine. (Msomaji, Zanzibar)

Ni wilaya. Okrugi ya Kievenki, yaani eneo linalojitawala linaloonekana kwenye ramani za zamani, iliundwa Desemba 1930, wananchi wakapiga kura ya maoni Aprili 2005, na kuanzia 1 Januari 2007 ikawa sehemu ya jimbo la Krasnoyarsk. Tazama ramani yako ilichapwa lini.

Kilomita za mraba zaidi ya 760,000 kwa watu elfu kumi na sita! Ardhi yote hiyo tupu, kwa nini isitumiwe? (Msomaji, Arusha)

Inatumiwa. Hesabu yako inampa kila mtu kilomita za mraba 47 hivi, na kihesabu haina kosa. Lakini hakuna anayeishi hivyo. Zaidi ya nusu ya watu wako katika makazi matatu, Tura, Baykit na Vanavara. Tura peke yake ilikuwa na theluthi nzima mwaka 2010. Waliosalia wako katika vijiji vidogo, vingi vikiwa kando ya mito Nizhnyaya Tunguska na Podkamennaya Tunguska. Mji hakuna hata mmoja.

Kilimo cha maana hakiwezekani huko, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi imeganda chini mwaka mzima, na Januari ya Tura ni ya nyuzi 36 hivi chini ya sifuri. Kinachowezekana ni kuwinda, kuvua na kufuga kulungu. Kulungu hao wakati wa baridi hula kuvumwani, uoto mfupi unaotambaa juu ya ardhi na mawe, na malisho hayo yakishaliwa huchukua miaka mingi kurudi. Kwa hiyo kundi lazima lihame, na kundi linalohama linahitaji nafasi kubwa. Pale unapopaona hapana mtu, mfugaji anapajua kuwa ni malisho ya msimu ujao.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu fikra ya ardhi tupu ina madhara. Wapangaji wa Kisovieti walitaka kujenga bwawa kubwa la umeme kwenye Nizhnyaya Tunguska. Mpango ukawekwa kando mwishoni mwa miaka ya 1980, ukafufuliwa katika miaka ya 2000. Bwawa hilo lingeizamisha Tura yenyewe. Waevenki walipinga, na hadi leo halijajengwa. Kusini mwa wilaya mafuta yanachimbwa, na bomba la Kuyumba hadi Taishet lilifunguliwa 2017. Sipingi mafuta. Napinga kuanza kupanga kabla ya kuuliza malisho ni ya nani.

Basi wakazi wengi ni Waevenki? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Mwaka 2002 walikuwa 3,802, yaani asilimia 21.5, Warusi walikuwa asilimia 62 hivi. Wapo pia Wayakuti, hasa katika kijiji cha Yessey upande wa kaskazini, na Waketi, ambao sensa hiyo iliwahesabu 211 tu. Uchache wao usimpe mtu kisingizio cha kutowasikiliza.

Kimondo cha 1908 kilianguka huko?

Kililipuka angani, 30 Juni 1908, kilomita 65 hivi kutoka Vanavara. Kililaza misitu ya zaidi ya kilomita za mraba 2,000 bila kuacha shimo. Habari za vyombo kutoka sayari nyingine msiniandikie tena. Ulizeni kuhusu Waevenki waliopoteza mahema na kulungu wao siku ile.

Ni kweli kitovu cha kijiografia cha Urusi kiko huko?

Kweli, kando ya Ziwa Vivi. Mnara uliwekwa 1992.

Nikiwa Krasnoyarsk, nitafika Tura kwa gari kwa saa ngapi? (Msomaji, Kampala)

Hakuna barabara ya mwaka mzima. Watu husafiri kwa ndege. Magari hupita wakati wa baridi kali tu, juu ya ardhi na mito iliyoganda, na mizigo mizito, mafuta ya dizeli yakiwemo, huja kwa majahazi ya mtoni maji yanapojaa baada ya barafu kuyeyuka. Usikodi gari kwa kuamini mstari uliouona kwenye programu ya ramani. Kata tiketi ya ndege, na uweke siku za ziada, maana hali ya hewa ikichafuka ndege hairuki.