Mnaoanza kazi za Bunge, jueni kalenda kwanza ndo muandike hoja

Wadogo zangu mnaoanza usaidizi wa wabunge, na nyie mlioajiriwa kwenye asasi kufuatilia bajeti, kuna kitu nakiona kila mwaka na kinaniuma sana. Hoja nzuri, takwimu zimekaa sawa, kijiji hakina maji na picha zipo, halafu inaletwa Dodoma mwezi wa tano wiki ambayo Waziri wa Maji anasoma hotuba. Jamani, mwezi wa tano hela zimeshagawanywa.

Iko hivi. Novemba Bunge linajadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, hapo vipaumbele havijafungwa na wizara bado zinasikiliza. Mwezi wa tatu kamati za kisekta zinakaa na wizara kupitia makadirio fungu kwa fungu, hakuna makofi hakuna vijembe, watu wanafungua randama (kitabu cha maelezo ya makadirio ya wizara) wanauliza hii kasma, yani kifungu cha matumizi, mbona imepungua, na mimi ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kupeleka hoja yangu kwa mwaka mzima ningechagua hapo, kwasababu kamati ikikomaa jambo linafika Kamati ya Bajeti na Hazina wanalazimika kulijibu. Aprili mpaka Juni ndo Bunge la bajeti lenyewe, anaanza Waziri Mkuu, TAMISEMI wanafuata karibu, wizara zinakuja moja moja hadi bajeti kuu katikati ya Juni. Kabla ya 2013 lilikuwa linaanza Juni linaisha Agosti, yani mwaka wa fedha umeshaanza Julai mosi na watu bado wanajadili.

Sasa ukichelewa ufanyeje? Mbunge hawezi kusimama akaongeza hela, ibara ya 99 ya Katiba inataka pendekezo la kuongeza matumizi litoke serikalini. Alichonacho ni kushika shilingi kwenye mshahara wa waziri, yani kuzuia fungu hilo lisipite mpaka ajibiwe, wakati wa Kamati ya Matumizi (Bunge zima likikaa kama kamati kupitisha mafungu), waziri akitoa ahadi inayoeleweka mbunge anairudisha. Msiidharau hiyo, ahadi inaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwakani mnaifungua mbele yake. Ila muda ukiisha mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, kwahiyo mheshimiwa awe na hoja moja, fupi, yenye jina la mradi na kiasi, asiende na kumi.

Mambo ya kila siku kama zahanati isiyo na dawa au daraja lililokatika msisubirie bajeti, hayo peleka kwenye maswali ya asubuhi, na mtunze yale mawili ya nyongeza maana jibu la msingi linakuwa limeshaandikwa, waziri anabanwa kwenye nyongeza. Alhamisi kuna maswali kwa Waziri Mkuu ila hapo uliza sera, usiulize kisima cha kata.

Halafu ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Inawasilishwa bungeni Aprili, kelele mitandaoni wiki mbili, ila mjadala wenyewe huwa unakuja Novemba baada ya PAC (kamati ya Bunge ya hesabu za serikali) na LAAC (ya hesabu za serikali za mitaa) kuwahoji maafisa masuuli, yani watendaji wanaowajibika kwa matumizi ya fedha. Katikati hapo ndo kazi ipo na ndo wengi mnapotea. Isome Aprili hiyohiyo, toa kurasa zinazogusa halmashauri yenu, wapelekee wajumbe wa kamati kabla hawajaanza kuhoji.

Na ratiba inapangwa na Kamati ya Uongozi chini ya Spika, inaweza kubadilika, kwahiyo Orodha ya Shughuli, yani ratiba ya Bunge ya siku hiyo, isomwe kila asubuhi kabla ya chai.