Leo ishirini, kesho nne: kumpima mchezaji wa kikapu asiyetulia

Kila timu ya chuo, kuanzia Lamu hadi Malindi, ina mchezaji wa namna hii. Jumamosi anatia pointi 20 na uwanja mzima unaita jina lake. Jumapili anatoka na 4, na kabla ya magharibi barazani keshapewa sifa zote: mvivu, ana maringo, mapenzi yamempanda kichwani. Kocha naye, akiwa hana cha kushika ila matokeo ya mwisho, huishia kufuata baraza. Ushauri wetu kwa kocha, nahodha au yeyote anayeshika kalamu pale mezani ni huu: pointi zisome mwisho. Anza na yale anayoyafanya kijana hata mpira ukikataa kuingia. Hapo ndipo utakapojua kama ni yeye aliyeyumba au ni mpira tu.

Bahati ina hesabu yake

Chukua mtupaji mzuri, anayetia asilimia 35 ya mitupo yake ya pointi tatu, na anayetupa mitano kila mechi. Uwezekano wa mtupo mmoja kukataa ni 0.65. Zidisha 0.65 kwa yenyewe hadi zitimie tano, utapata 0.116. Yaani karibu mechi moja katika kila tisa ataondoka bila hata mmoja kuingia, na wala haumwi, hana mawazo, na usiku alilala vizuri. Upande wa pili, karibu mechi moja katika kila nne atatia mitatu au zaidi. Kwa msimu wa mechi 20, hizo ni kama mechi mbili za sufuri na tano za shangwe, zote kutoka mkono uleule. Zile mbili za sufuri zikiangukia wiki moja, mtaa mzima utasema ameisha.

Hata msimu mzima haukupi uhakika unaoudhania. Mitupo 100 ya mtu wa asilimia 35 yaweza kusomeka 30 au 40 bila lolote kubadilika. Kwa hiyo asilimia ya pointi tatu iliyotokana na mechi tatu haifai hata kuandikwa ubaoni. Kumbuka mtupo wa sekunde ya mwisho wa Tylor Ongwae, mchezaji wa timu ya taifa, ulioipa Kenya ushindi wa 74-73 dhidi ya Angola kule Yaoundé, Kamerun, Februari 2021. Lau mpira ule ungegonga chuma ukatoka, mchezaji angekuwa yuleyule na mtupo uleule, ila watu wangekuwa na maneno mengine kabisa.

Daftari

Programu za simu zipo, lakini daftari la mazoezi na kalamu mbili za rangi hufanya kazi bora zaidi kwenye uwanja wa jua kali usio na umeme. Kila mechi iwe na ukurasa wake kwa kila mchezaji unayemfuatilia, na mtu mmoja asifuatilie zaidi ya wawili. Ukijaribu watatu utapitwa na mchezo.

Chora nusu uwanja. Kila mtupo uweke pale ulipotupwa: duara kama umeingia, msalaba kama umekataa. Kando ya alama andika namba ya robo ya mechi (ya kwanza hadi ya nne), kisha W ikiwa mtupaji alikuwa wazi, yaani mlinzi yuko mbali kupita urefu wa mkono, au B ikiwa alibanwa. Ongeza P kama alipokea pasi akatupa papo hapo, D kama alidunda kwanza. Inaonekana kazi kubwa, lakini ni herufi mbili na tarakimu moja tu. Baada ya mechi mbili mkono huzoea.

Kwa mitupo iliyokataa kuna jambo moja la ziada ambalo watu wengi hawaliandiki, nalo ndilo lenye faida kuliko yote: mpira uligonga wapi? Mbele ya ringi, nyuma, kushoto au kulia. Mitupo inayogonga mbele, hasa robo ya nne, huwa ni habari ya miguu: mchezaji amechoka, haruki vya kutosha, mkono unalazimika kufanya kazi ya mapaja. Inayokwenda kushoto na kulia ni habari ya umbo: kiwiko kimetoka nje, au miguu haikutazama kikapu kabla ya kuruka. Inayogonga nyuma ikiwa imenyooka ndiyo makosa mazuri. Huyo usimguse, na usimruhusu mtu yeyote amfundishe “mtindo mpya” katikati ya msimu.

Chini ya mchoro weka mistari mitano: ribaundi (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukataa), mipira aliyopoteza, faulo, mipira ya wapinzani aliyoigusa kwa mkono, na mara ngapi wapinzani walipokimbia na shambulizi la haraka yeye hakuwa amerudi. Andika pia dakika alizoingia na kutoka. Saa ya simu inatosha.

Dakika kwanza

Malalamiko mengi huisha hapa. Mchezaji alitia pointi 18 kwa dakika 33, kisha 6 kwa dakika 12. Gawa pointi kwa dakika, zidisha kwa 40, ambazo ndizo dakika za mechi nzima kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: ya kwanza inatoa karibu 22, ya pili 20. Kijana ni yuleyule. Swali linageuka: kwa nini alicheza dakika 12? Mara nyingi jibu ni faulo mbili ndani ya robo ya kwanza. Kocha akaogopa ile ya tano, inayomtoa mchezaji mechini, akamkalisha hadi kipindi cha pili. Tiba ya huyo ni kumfundisha kulinda kwa miguu badala ya kunyoosha mikono, au kumpa mpinzani mwepesi dakika tano za mwanzo. Ukimpeleka akatupe mitupo 300 utakuwa unatibu goti kwa dawa ya jino.

Tahadhari moja: hesabu ya dakika 40 huwapendelea wanaoingia mechi ikiwa imeshaamuliwa, wakakutana na wachezaji wa akiba. Chini ya dakika nane katika mechi, iache.

Baada ya dakika, tazama thamani ya mitupo. Aliyetupa 12 akatia 5, mitatu kati yake ya pointi tatu, huhesabiwa hivi: 5 jumlisha nusu ya 3, gawa kwa 12, ni asilimia 54. Mwenzake aliyetia 6 kati ya 12, yote ya pointi mbili, ana 50. Macho yatakuambia wa pili ndiye aliyetulia, na karatasi itakukatalia. Ukitaka kuingiza mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo, zidisha idadi yake kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha kwa 2, kisha gawa pointi zake zote kwa jibu hilo. Pointi 14 kwa mitupo 10 na mitupo huru 6 ni karibu asilimia 55. Ile 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru haiji kwa jozi kila mara. Mwingine ni mmoja wa ziada baada ya kikapu kilichoambatana na faulo.

Uwanja nao hucheza

Vijana wetu hulinganishwa na klipu za vyuo vya Marekani, na ulinganisho huo una kasoro. Mstari wa pointi tatu ni uleule wa mita 6.75, lakini wale huchezea ndani, juu ya sakafu ya mbao, na msimu wao huanza Novemba ukapita mechi 30. Hata hao, kwenye mashindano yao ya Machi ya timu 68, usiku mmoja mbaya huipeleka timu nzima nyumbani.

Huku kwetu, kwenye viwanja vya saruji vilivyo wazi, kuna upepo. Kusi ikikaza katikati ya mwaka, au Kaskazi ikivuma Januari, mtupo wa mbali husukumwa na wa chini ya kikapu hausikii kitu. Kwa bahati, timu hubadilishana magoli kipindi cha pili, hivyo kila mchezaji hutupa upande huu na ule. Gawa alama zako kwa upande. Ikiwa timu nzima inakosa upande mmoja, chunguza upepo, jua la alasiri machoni, na ringi yenyewe. Pima kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi juu ya ringi: mita 3.05. Saruji iliyotitia na nguzo iliyoinama hubadilisha kipimo hicho bila mtu kutambua. Mpira pia: uachie kutoka mita 1.8, unatakiwa urudi hadi kama mita 1.3 ukipima juu ya mpira. Uliojazwa asubuhi ukaachwa juani huwa mgumu, nao huruka mbali ukigusa chuma.

Safari iwe na safu yake. Timu ya Lamu inayocheza Malindi huvuka kwa boti hadi Mokowe, ikapanda basi kupitia Witu na Garsen, na mara nyingi huingia uwanjani alasiri ileile. Andika saa zilizopita tangu waliposhuka hadi filimbi ya kwanza. Ramadhani vilevile: mechi za mwezi huo zisichanganywe na nyingine, na mchezo ukiwezekana uwe usiku, baada ya futari nyepesi na maji ya kutosha. Weka alama pia wiki za mitihani, na wiki ambazo wanafunzi hawana pesa ya chakula. Mtu anayekula mara moja kwa siku hawezi kuwa na robo ya nne.

Wapinzani wagawe mafungu matatu: wanaowazidi, mnaolingana nao, mnaowazidi. Kijana anayetia 20 dhidi ya wanyonge na 5 dhidi ya wakali, mechi baada ya mechi, ametulia kabisa. Hicho ndicho kimo chake kwa sasa, na anahitaji silaha mpya, pengine mkono wa kushoto.

Sasa soma

Ukiwa na mechi nane au kumi, zipange: zile nne za pointi nyingi upande mmoja, nne za pointi chache upande mwingine. Kisha linganisha ile mistari mitano, kila mmoja kwa dakika.

Ikiwa ribaundi, mipira aliyogusa na kurudi kulinda havikubadilika, na sehemu ya mitupo ya W ni ileile, hakuna tatizo. Mitupo imeingia siku hizi, ikakataa siku zile. Mwache na dakika zake, na mwambie aendelee kutupa akiwa wazi; mtupaji anayeanza kusita ndiye hasara kubwa kuliko anayekosa. Ikiwa mistari yote imeharibika pamoja na pointi, hapo kuna jambo la mwili au la nyumbani. Na ikiwa kilichobadilika ni W kugeuka B na P kugeuka D, tazama wenzake kabla yake. Pengine mgawaji wa mipira hakuwepo, naye akawa anaupokea sekunde 24 za kushambulia zikikaribia kuisha.

Mazungumzo yafanyike faraghani, daftari likiwa wazi, wala si mbele ya timu.

“Kaa hapa, mwanangu. Tazama robo ya nne: mitupo saba, mitano imegonga mbele. Miguu vipi?”

“Kocha, nakuja mazoezini nimetoka kazini. Nabeba mawe tangu alfajiri.”

Hili hulipati kwa kuuliza “mbona hujitumi?” Alama za kalamu humpa kijana pa kuanzia bila kujitetea.

Rekebisha kitu kimoja, kipe wiki mbili. Kwa miguu: mitupo ya mwisho wa mazoezi, mtu akiwa amechoka, si ya mwanzo. Mitupo huru itupwe miwili miwili, akimbie uwanja kwenda na kurudi, kisha miwili tena, hadi itimie 20. Kutupa 50 mfululizo akiwa amesimama hufundisha kitu ambacho mechi haimpi kamwe. Kwa kiwiko: aanze mita moja kutoka kikapuni, mkono mmoja, mipira 10 iingie bila kugusa chuma ndipo arudi nyuma hatua moja.

Na kama mashindano yamekaribia, majina 12 yanatakiwa, nawe una mechi tano tu daftarini, weka kando asilimia za mitupo. Linganisha wagombea kwa mipira wanayopoteza kwa dakika, faulo, sehemu ya mitupo ya W, na kurudi kulinda. Mitupo huru ipime mazoezini, 100 kwa kila mmoja ndani ya siku tatu, kwa jozi. Wakilingana hata hapo, mchukue yule ambaye dakika zake mbaya hazikuigharimu timu mpira.