Kabla hujafomati tena, angalia kompyuta inasubiri nini

Kompyuta yangu ya nyumbani niliifomati (yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya) mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara ilichangamka kwa wiki moja, pengine mbili, halafu kile kiduara kinachozunguka kikarudi palepale katikati ya skrini. Nabonyeza kitufe cha kuwasha, naenda kuoga, navaa, narudi nakuta bado inajikongoja. Nililaumu Windows, nikalaumu virusi, siku moja nikamgombeza hata mdogo wangu na magemu yake. Swali ambalo sikuwahi kujiuliza ni hili: hapo inapokwama, inasubiri nini?

Na jibu lilikuwa humohumo ndani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Humo utakuta safu zenye asilimia: CPU ndiyo prosesa, inayofanya kazi zote za hesabu; Memory ndiyo RAM, kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa; na Disk ndiyo diski, ghala la mafaili. Usiangalie kompyuta ikiwa imetulia, maana haitakuambia kitu. Ifungue wakati inateseka. Mimi niliifungua asubuhi, dakika mbili baada ya kuwasha: prosesa asilimia 7, RAM chini ya nusu, diski asilimia 100. Ikaganda kwenye 100 kwa karibu dakika kumi. Na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kutafuta kompyuta mpya yenye prosesa kali zaidi! Prosesa niliyonayo ilikuwa imekaa bure inangoja kuletewa mafaili.

Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, na kwenye laptopu nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani kuna kichwa kinachokimbia huku na huku kutafuta data, na kila safari moja inakula kama milisekunde 10 au zaidi. Ukicheza filamu hutagundua chochote, kwa sababu faili ni moja na linasomwa kwa mfululizo. Lakini kuwasha Windows ni kusoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila kona. Weka sikio karibu na kompyuta utasikia krr, krr, krr: ni hicho kichwa kinahangaika. SSD, yaani diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachozunguka, kipande chochote inakifikia chini ya milisekunde moja. Ndiyo maana kompyuta ya miaka kumi iliyowekewa SSD inaweza kuiaibisha mpya yenye diski ya sahani. Yangu ilikuwa inachukua zaidi ya dakika nne kuwaka mpaka ishikike. Siku hizi haifiki nusu dakika, na sikubadilisha kifaa kingine chochote.

Ila kuna mtego. Diski ikiwa asilimia 100, tazama na RAM kabla hujaihukumu. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia mizigo yake kwenye diski, kisha huirudisha, kisha huihamisha tena. Diski itaonekana ndiyo mgonjwa kumbe inabebeshwa kazi ya mwingine. Ukiona RAM imefika asilimia 85 na kuendelea huku umefungua kivinjari tu, hapo ongeza RAM, au kama huna uwezo huo kwa sasa, punguza vichupo (tabs) ulivyofungua. GB 4 zilikuwa zinatosha zamani. Siku hizi kivinjari peke yake kinaweza kuzimaliza. Kabla ya kununua hakikisha aina: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake limekatwa sehemu tofauti. Halafu kuna laptopu ambazo RAM imelehemiwa kabisa kwenye ubao, hizo huongezi kitu.

Ambalo halina gharama ni kupunguza programu zinazojiwasha zenyewe. Hapohapo kwenye Task Manager kuna sehemu ya Startup. Yangu ilikuwa na programu 14, nikaacha tatu. Kuzizuia hapo si kuzifuta, ukizihitaji unazifungua mwenyewe kwa mkono. Kati ya hizo 14, moja ilikuwa programu ya "kusafisha na kuharakisha kompyuta" niliyoipakua mwenyewe kwa furaha. Yaani mharakishaji ndiye aliyekuwa kwenye foleni ya wachelewashaji. Hizo siziamini tena hata kidogo.

Jambo lingine dogo: tangu Windows 8, ukizima kwa Shut down kompyuta nyingi hazizimi kila kitu, zinahifadhi sehemu ya mfumo ili ziwake haraka. Kwa hiyo mtu anayezima kila usiku anaweza kukaa wiki nzima na uchafu uleule. Chagua Restart, hiyo huanzisha mfumo wote upya.

Ikiwa yako inawaka vizuri lakini inachoka baada ya nusu saa, na feni inavuma kama inataka kuruka, usihangaike na diski. Hilo ni joto. Prosesa ikipata moto hupunguza kasi makusudi ili isiungue. Izime, chomoa umeme, puliza vumbi kwenye matundu, na ishike feni kwa kijiti isizunguke wakati unapuliza. Na laptopu usiiweke juu ya godoro.

Sasa kosa langu kubwa. SSD ilipofika nilikuwa na pupa, nikaanza moja kwa moja kunakili diski nzima kuhamishia mpya. Ikafika asilimia 61 ikagoma. Nikarudia, ikagoma palepale. Diski ilikuwa imeshaanza kuharibika, na kufomati mara tatu kulikuwa ni kupaka rangi nyumba yenye mchwa. Nilikesha nikihamisha folda mojamoja kwenda diski ya nje, nikianza na picha, huku ile sauti imegeuka kuwa ta, ta, ta. Kwa hiyo kama yako inagonga hivyo, acha haya yote niliyoandika na uanze kuokoa mafaili yako leo. Yangu mengi yalitoka. Folda mbili hazikusomeka kabisa, na moja ilikuwa na picha zote za harusi ya dada.