Usinunue alteneta kwa sababu ya P0562

Ndugu, mwambie huyo fundi aweke spana chini kwanza. Umesema staata inazubaa asubuhi, mashine ya kusoma kompyuta ya gari imetoa kodi ya hitilafu P0562 na volti 12.1 injini ikiwaka, naye ameshakuitisha pesa ya alteneta, kile kifaa kinachochaji betri. Unauliza pia ununue mashine gani ya kupimia. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na nikalipa.

P0562 inasema tu kwamba kompyuta ya gari imeona umeme uko chini. Haisemi alteneta imekufa. Hiyo 12.1 ni volti zilizofika kwenye kompyuta baada ya kupita nyaya, fyuzi na viungo vyote. Maji yakitoka kidogo kwa mfereji wa jikoni, utanunua tangi jipya la juu?

Yangu ilisoma 12.2. Fundi alinitoza shilingi 1,500 ya kuchomeka mashine, akatoa hukumu bila kugusa waya hata mmoja. Nikaenda Kirinyaga Road, nikanunua alteneta ya ex-Japan kwa 16,000. Taa ya betri ikabaki inawaka. Akasema basi ni betri, 12,000 nyingine. Wiki nzima gari lilitembea vizuri kwa sababu betri mpya ilikuja na chaji yake, na hapo ndipo niliposadiki kabisa. Siku ya nane, saa mbili usiku, mvua inanyesha, taa na waipa zinafanya kazi, likazima Thika Road karibu na Githurai, watoto wawili wako nyuma. Nampigia fundi simu, ananiambia huenda niliuziwa alteneta mbovu, nitafute nyingine! Mtu kukosea naelewa. Kula pesa ya mtu bila kupima, hiyo sitamsamehe.

Fundi wa umeme wa Ngara alikuja na multimita ya kawaida, kifaa kidogo cha kupimia volti. Injini ikiwaka, taa na feni zimewashwa, kwenye betri akapata 12.3. Kwenye nati nene ya nyuma ya alteneta, 14.2. Akaweka ncha moja kwenye nati hiyo na nyingine kwenye chanya ya betri: volti 1.9 zinapotea njiani. Waya usio na hitilafu hapo haufai kupoteza hata nusu volti. Akaufuata mpaka kwenye kisanduku cha fyuzi, akakuta kichwa chake kimeliwa na kutu ya kijani. Akakata, akafunga kipya: 700. Alteneta yangu ya kwanza ilikuwa nzima, na nilikuwa nimemwachia yule fundi.

Kwa hivyo mashine ya kununua ni multimita kama hiyo, na usinunue spea yoyote kabla haijagusa betri na alteneta, injini ikiwaka na taa kubwa zimewashwa. Taa ni muhimu, maana kwenye magari mengine kompyuta hupunguza chaji makusudi mzigo ukiwa mdogo. Alteneta ikitoa 13.8 hadi 14.5 na betri iko 12, tafuta waya. Zote zikiwa 12, angalia mkanda na plagi ndogo ya alteneta kwanza, halafu ndiyo uishuku yenyewe.

Pima leo jioni kabla hajafungua nati yoyote, uandike hapa namba zote mbili.