Nifundishe kubangua korosho

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Kiswahili huku Newala niliwapa kidato cha kwanza insha yenye kichwa "Zao la Korosho". Niliona nimewarahisishia, maana mtoto gani wa huku asiyeijua korosho? Jioni nikabeba madaftari zaidi ya 60 hadi nyumbani, nikaanza kusahihisha. Daftari la kwanza lilianza hivi: "Korosho ni zao la biashara linalolimwa katika mikoa ya kusini mwa Tanzania." La pili hivyo hivyo. La kumi hivyo hivyo, na chini yake faida nne zilizopangwa kwa namba, kisha "Hitimisho".

Hawa ni watoto waliobebwa mgongoni kwenda kuokota korosho kabla hawajajua kutembea. Wanaijua harufu ya salfa inayopulizwa mikoroshoni mwezi wa sita, wanajua bibo, tunda la mkorosho, linavyotia doa shati jeupe la shule, wanajua nyumbani kunakuwaje siku ya mnada baba akirudi na habari za bei ndogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofika kwenye karatasi. Niliwapa 5 na 6 kati ya 10, nikaandika "Ongeza bidii" kwa peni nyekundu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tatizo lilianzia kwangu, kwenye swali.

Mtoto wa kidato cha kwanza ametoka shule ya msingi ambako mitihani yake mingi ilikuwa ya kuchagua herufi ya jibu sahihi. Akiona kichwa cha insha, anaanza kulitafuta jibu sahihi. Anakumbuka alichonakili ubaoni darasa la tano, anakurudishia hicho hicho. Huko sekondari karibu masomo yote anafundishwa kwa Kiingereza, anahangaika nayo. Kipindi cha Kiswahili ni mojawapo ya nafasi chache za wiki ambapo maneno tayari anayo kinywani. Inaniuma sana tukiipoteza nafasi hiyo kwa kunakili.

Mwaka uliofuata nilibadilisha. Mimi nimekulia Kilwa Masoko, kwa watu wa samaki na nazi, na korosho nilizoea kuinunua ikiwa imeshabanguliwa. Nikawaambia ukweli huo, kisha nikaandika ubaoni: "Nifundishe kubangua korosho. Sijawahi."

Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliandika sentensi tatu: "Kwanza unachoma korosho. Halafu unabangua. Halafu unakula." Nikamwomba nitumie daftari lake, akakubali. Tukatoka darasa zima hadi nyuma ya jiko la shule, mimi na korosho ghafi kwenye kikapu. Mpishi alikuwa ametuachia moto kwenye mafiga. Kijana akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti. Nikachota korosho kwa mkono, nikafanya kama nataka kuzimwaga motoni.

"Mwalimu, bati!" darasa zima.

"Bati limeandikwa wapi?"

Akatazama daftari lake. Kimya.

"Na hapo uliposimama, Mwalimu, moshi utakuumiza macho," akasema msichana mmoja. "Njoo huku unakotoka upepo."

"Hilo nalo silioni humu."

Tulirudi darasani akaandika upya. Aya yake niliinakili, ninayo hadi leo:

"Chukua bati ulitoboe matundu kwa msumari ili mafuta yapate pa kudondokea. Simama upande unakotoka upepo. Koroga kwa kijiti kirefu bila kuacha, maana korosho ikianza kutoa mafuta inarusha moto. Zikishakuwa nyeusi, pindua bati mchangani, uzifukie moto ufe. Kabla ya kubangua paka mikono majivu, la sivyo ngozi itabambuka."

Sikumfundisha neno hata moja katika hayo. "Pa kudondokea" ni lake, "la sivyo" ni lake, na ule mpangilio wa hatua moja baada ya nyingine ni wake. Alikuwa na kila kitu, alikosa tu msomaji asiyejua.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika kichwa cha insha ubaoni, jiulize: jambo gani mtoto huyu analijua, na nani halijui? Mwelekeze mgeni kutoka stendi hadi kwenu. Mweleze mtoto wa Dar es Salaam ming'oko, vile viazi vya porini, inachimbwaje, na unatambuaje mahali pa kuchimba. Simulia asubuhi moja ya kuteka maji. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde mchanga unanyonya mvua yote, mito hakuna, na wazee wanakumbuka kuteremka mabondeni alfajiri na ndoo kichwani. Mtoto atakayepewa swali hilo itabidi akakae na bibi yake na kumuuliza, na mambo atakayorudi nayo huyapati kwenye kitabu cha kiada. "Umuhimu wa elimu" na "Madhara ya ukataji miti" viweke akiba kwa ajili ya mazoezi ya mtihani.

Kuhusu muundo sina mengi. Barua ya kirafiki, barua rasmi, tangazo, lazima wavijue, maana upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili unakuja kila mwaka. Lakini mahali pa kuweka anwani panafundishika kwa kipindi kimoja. Barua yenyewe ndiyo inayohitaji muhula mzima.

Jambo lililonisaidia kuliko nilivyotarajia ni kuwaacha wasimulie kwanza. Watoto hawa wamelelewa kwa ngano za jioni, na wakisimulia kwa mdomo mambo yanakwenda yenyewe: nikaamka, nikatoka, nikamkuta. Wakishika peni wanakaza, wanaandika "Nilikuwa nimeenda ambapo nilimkuta". Siku hizi kila insha ya masimulizi inaanza kwa dakika tano za kumsimulia jirani wa dawati. Darasa linakuwa na kelele, na mwalimu wa darasa la jirani huja kuchungulia dirishani. Kisha nasema, "Haya, andika ulivyomwambia." Zile "nika" zinarudi.

Sasa kusahihisha, maana hapa ndipo walimu wengi tunapokata tamaa. Mikondo mitatu ya watoto 60 ni madaftari 180. Zamani nilikuwa nazungushia kila kosa, daftari linarudi limejaa wekundu. Kisha nikawatazama wanavyoyapokea: anafungua, anaangalia maksi, anafunga. Kazi yangu ya usiku kucha anaiangalia sekunde tatu.

Nikaacha. Jumatatu natangaza kosa moja la wiki, na hilo ndilo nitakalolitafuta. Wiki ya nukta. Wiki ya herufi kubwa. Wiki ya l na r hiyo huwa mara mbili kwa muhula, kwa sababu wengi nyumbani wanaongea Kimakonde, ambamo l na r hazitenganishi maneno, na sikio lao haliwasaidii. Ukisoma "Alinipeleka mahari pazuri" usimcheke, na usiruhusu darasa limcheke. Tumebandika ukutani karatasi kubwa ya jozi: mahali na mahari, kula na kura, kalamu na karamu. Mtoto akikwama anainua macho ukutani.

Na pale nilipokuwa nikiandika "Ongeza bidii", sasa naandika swali moja pembeni, kuhusu mahali pamoja tu. Msichana aliandika, "Mama alikasirika sana." Nikamwandikia, "Ulijuaje?" Simtaki arudie insha nzima, anarudia aya ile tu. Aliniletea hii: "Mama aliacha kupepeta, akaweka ungo chini, akaniita kwa jina langu lote." Nilikaa na daftari lile mkononi ofisini mpaka kengele ikalia.

Mawili nakuomba kwa dhati usiyafanye. La kwanza, usitumie uandishi kuwa adhabu. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, watoto wengi huchelewa au hukosa kabisa kwa sababu wanasaidia shambani, na nimeona wakiandikishwa mara 100 "Sitachelewa tena". Mtoto aliyeandika hivyo asubuhi, mchana hawezi kuipenda peni.

La pili nililifanya mwenyewe. Binti mmoja aliandika kuhusu siku baba yake alipohama nyumbani. Ilikuwa insha nzuri kuliko zote, nami kwa furaha nikaisoma mbele ya darasa bila kumuuliza. Sikutaja jina, lakini kijijini watu wanajuana. Muhula mzima uliobaki hakuniandikia zaidi ya nusu ukurasa, yote ya kitabuni. Nilimwita nikamwomba radhi. Akasema, "Hamna shida, Mwalimu," lakini nusu ukurasa ikaendelea kuwa nusu ukurasa.

Tangu hapo tuna makubaliano. Anayeandika jambo lake la ndani anaweka herufi S kwenye kona ya juu. Insha yenye S naisoma peke yangu, sisahihishi herufi wala nukta, naandika tu kwamba nimeisoma na lililonigusa. Lakini nawaambia mapema, siku ya kwanza kabisa, kwamba nikisoma jambo linaloonyesha mtoto yuko hatarini sitalinyamazia. Nitakaa naye, kisha tutamfuata pamoja mwalimu wa ushauri na unasihi. Bado wanaandika. Mwaka jana nilipata S nyingi kuliko nilivyodhani.

Lingine ni dogo, ila usiliache: andika nao. Wakiandika, mimi nageukia ubao naandika aya yangu, kwa mada ile ile, bila kuiandaa nyumbani. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Niliandika kuhusu asubuhi ya soko la samaki Kilwa, dau zikiingia, na nilifuta mstari mmoja mara tatu huku wananitazama. Nilipomaliza nikawauliza wanaonaje.

Yule kijana wa dawati la nyuma akainua mkono. "Mwalimu, umeandika 'samaki wa aina mbalimbali'. Mimi sijawahi kufika Kilwa. Aina gani?"

Nikachukua dasta nikafuta. Nikaandika kolekole, changu, na pweza aliyekuwa bado anashika ukingo wa ndoo.