Zijue nyutrino zako kabla ya kutafuta maada giza

Nilipofungua kwa mara ya kwanza data za CMS, kitambuzi kikubwa cha migongano ya chembe, zile ambazo CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, imekuwa ikiziweka wazi kwa yeyote tangu 2014, nilikimbilia grafu ya momenta (tungamo mara kasi) iliyopotea. Kule mwisho, palipotakiwa kuwa na matukio machache mno, niliyakuta yamerundikana. Nilikesha nikihesabu upya. Kulipokucha nikagundua sikuwa nimetumia vichujio vya kelele za kitambuzi. Nilipovitumia, rundo lote likatoweka.

Ndani ya LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, kwenye handaki la kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni hugonganishwa kwa nishati ambayo tangu 2022 ni TeV 13.6 (TeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Chembe ya maada giza, ile maada isiyoonekana inayodhaniwa kuzishikilia galaksi, ikizaliwa hapo, itapita kwenye kitambuzi bila kuacha alama. Kitakachoifichua ni hesabu tu. Kabla ya kugongana, protoni karibu hazina momenta ya kwenda pembeni, basi hata baadaye jumla ya momenta ya pembeni haina budi kuwa sifuri. Ukiona chembe zimemiminika upande mmoja na upande wa pili pakavu, ujue kuna kilichotoroka.

Lakini nyutrino, chembe nyepesi mno ambazo karibu hazigusani na chochote, nazo hutoroka vivyo hivyo. Chembe ya Z, nzito na ya muda mfupi mno, huvunjika kuwa nyutrino mbili mara 20 hivi katika kila 100, na tukio la namna hiyo, kwa macho, ni lilelile unalolitafuta. Hapa nakusihi utulie, hata kama ni wiki kadhaa. Z hiyohiyo huvunjika pia kuwa muoni mbili (ndugu wazito wa elektroni), mara 3 na kitu katika 100, na muoni zinaonekana. Chukua matukio hayo, ziondoe muoni kwenye hesabu kana kwamba hazikuonekana, kisha tazama momenta iliyopotea inavyojipanga. Hiyo ndiyo sura ya nyutrino zako, imetoka kwenye data yenyewe. Muoni ni chache, kwa hiyo kwenye momenta kubwa zitakuishia mapema. Saidia kwa matukio ya fotoni, yaani chembe za nuru, na ya chembe ya W, nduguye Z. Sijapata zoezi lililonifunza zaidi ya hilo.

Masharti ya kuchagua matukio yapange kabla hujalifungua eneo la grafu unakotarajia kuiona maada giza. Ukiyarekebisha huku unachungulia, utapata unachokitamani.

CMS na ATLAS, kitambuzi kingine cha LHC, bado hazijaona ziada yoyote ya matukio ya kuaminika, na usivunjike moyo kwa hilo. Kwa grafu hizihizi tumejua kwamba chembe ya Higgs, iliyogunduliwa 2012, haipotelei kwenye chembe zisizoonekana zaidi ya takribani mara 1 katika 10.

Na siku ukipata ziada inayobaki palepale baada ya ukaguzi wote, LHC itakuwa imekuambia tu kwamba chembe hiyo ilidumu hadi ikatoka nje ya kitambuzi, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kama ndiyo inayozishikilia galaksi, wa kuwauliza ni wale wa maabara ya Gran Sasso, Italia, wanaoisubiri chini ya mlima wakiwa na tangi lao la tani kadhaa za zenoni, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika.